Kizibao cha Pete za Chuma

2 Aprili 1963, Jumanne

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo, na paa la kibanda changu linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Fundi aliyeliziba aliapa wallahi halitavuja tena. Sikumwamini siku ile, na leo nimejua sikukosea.

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya kizibao. Asubuhi huwa dukani kwangu karibu na kivuko cha Likoni nikitengeneza vyerehani vya watu, lakini baada ya sala ya alasiri mikono ni yangu mwenyewe. Nafuma kizibao cha chuma humo kibandani. Babu yangu alikuwa na dirii, vazi la vita la pete za chuma zilizoshikana, alilorithi kwa wazee wake. Chuoni mwalimu alipotusomesha habari za Nabii Daudi, aliyelainishiwa chuma akafunzwa kuifuma dirii, mimi nilikaa nimevimba kichwa kana kwamba ni mjomba wangu. Dirii ile iliuzwa kwa Mzungu mmoja kabla sijabaleghe. Sasa nina miaka hamsini na minne, sina vita na mtu, nataka tu kuiona tena kabla sijafa. Daudi alilainishiwa chuma. Mimi nimepewa makoleo mawili.

Kazi yenyewe ni hii: navingirisha waya kwenye ufito wa chuma, naukata kwa mkasi wa bati, napata pete ndogo ambazo hata kidole cha mwisho hakipiti. Kila pete inashika nne, mbili za juu na mbili za chini. Safu moja hulala kulia, inayofuata hulala kushoto. Nimeshafunga pete elfu tatu na ushei. Mtaani wananiita mzee anayejishonea jela.

Waya ananiletea Katana, mpangaji wa chumba changu cha uani, Mgiriama anayefanya kazi bandarini. Ni waya wa kufungia makasha, ambao wao huutupa. Nilimtaka alete barua ya msimamizi wake kunihakikishia kuwa unatupwa kweli. Alicheka, lakini aliileta. Barua ninayo.

5 Aprili, Ijumaa

Mvua. Pete arobaini.

9 Aprili, Jumanne

Mama mkwe amehamia kwetu. Ukuta wa nyumba yake kule Mtongwe umelala chini kwa mvua, na mke wangu Dhahabu amekwenda kumchukua. Bi Mwanasaumu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila kivuli, lakini mikono yake haijaacha kusuka ukili wa mikeka. Amekuja na kitanga chake cha kukalia, shazia yake ya kushonea mikeka, na ufunguo wa nyumba iliyoanguka. Ufunguo ameutundika shingoni.

Mkwe ni mkwe. Miaka ishirini na saba tangu nioe, sijapata kukaa naye mkeka mmoja wala kumtazama usoni. Akiwa uani mimi hukohoa mlangoni mara mbili, nikangoja ajifunike na ajisogeze, ndipo nipite. Salamu zetu ni za ukutani. Mimi, "Shikamoo, mama." Yeye, "Marahaba, mwanangu." Mengine yote hupitia kwa Dhahabu. Kwa hiyo sasa uani kwangu napita kwa kikohozi, na koo linaniuma tayari.

14 Aprili, Jumapili

Kutu! Safu mbili nzima za begani zimegeuka rangi ya maji ya magome ya mkandaa. Nimekitia kizibao ndani ya gunia la mchanga mkavu, nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, kisha nikakipaka mafuta ya nazi. Kibandani hakikai tena.

Dhahabu ameshauri kitundikwe jikoni, juu ya meko, ambako moto hauzimi. Nimekubali shingo upande. Jiko liko uani, nako yuko Dhahabu, yuko mama, yuko na Kanze, mke wa Katana, mwenye mimba kubwa na asiye na mahali pengine pa kupikia. Tumepatana hivi: jioni Dhahabu ataniletea kizibao na mkebe wa pete, nifanye kazi, kisha avirudishe.

17 Aprili, Jumatano

Nimekuta pete nne ndani ya kifuu cha nazi, chini ya pale kinapotundikwa. Zimefunguliwa. Pete niliyoifunga mimi haifunguki yenyewe.

18 Aprili, Alhamisi

Hakuna kitu. Hilo nalo nimelitia maanani.

22 Aprili, Jumatatu

Jana jioni nilifunga uzi mwekundu wa cherehani kwenye pete ya mwisho. Leo uzi upo, lakini chini yake pete sita zina mkwaruzo. Koleo langu huacha alama ya meno. Huu ni mkwaruzo mmoja, mwembamba, wa ncha ya chuma. Nani humu ndani ana chuma chenye ncha? Katana ana kulabu yake ya kazini. Huiegemeza mlangoni kwake kila jioni.

Sisemi kitu kwa mtu. Naandika tu.

24 Aprili, Jumatano

Nimemwuliza Dhahabu ni nani anayeshikashika vitu vyangu jikoni.

"Kwani kimeharibika kitu, Baba Alawiya?"

Nikamwambia hapana. Anayejibu swali kwa swali ana lake jambo. Lakini ningemwambia nini zaidi? Mwanamume mzima, binti yake ameolewa, aende akilia kuwa amefunguliwa vipete? Kicheko wanachonicheka sasa kinatosha.

27 Aprili, Jumamosi

Mbwana, jirani yangu wa nyumba ya pili, amekaa barazani kwangu akinywa kahawa yangu. Kwanza alilaani mvua, kisha akaniinamia.

"Badawi, mpangaji wako wamjua Jumapili huenda wapi?"

"Kanisani."

"Na baada ya kanisa?"

Sikujua.

"Yuwaenda mikutanoni. Na uchaguzi ndio huo mwezi ujao. Wenziwe wanasema sisi watu wa Mwambao twajiandaa kwa vita. Na wewe, maskini ya Mungu, umekaa wafuma vazi la vita, na waya akuletea yeye! Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Mimi sijapata kusema nataka Mwambao ujitenge wala sitaki. Nilichosema ni kwamba nataka pete zangu zikae. Lakini nilipobaki peke yangu niliwaza. Mtu anayefungua pete kidogokidogo ama anataka kizibao kisikamilike, ama anachukua mfano wa kwenda kuonyesha mahali. Na kulabu ile naiona kila nikienda kutawadha.

4 Mei, Jumamosi

Idi ya Mfungo Tatu. Katana na Kanze wamekuja kunipa mkono wa Idi, wameleta madafu. Katana akauliza, "Kizibao kimefika wapi, mzee?"

"Kimefika kilipofika," nikamjibu.

Kanze akaongeza, "Siku hizi kimenyooka, mzee. Chapendeza."

Amejuaje kuwa kimenyooka, kama hakishiki? Ni kweli kimenyooka. Safu za karibuni zimelala vizuri kupita za mwanzo, mikono yangu imekomaa. Lakini hilo ni la kujua mimi, si la kujua yeye. Madafu sikuyanywa.

10 Mei, Ijumaa

Hotuba ya leo ilikuwa juu ya dhana mbaya, kwamba dhana nyingine ni dhambi. Nilimtazama Mbwana muda wote, maana ilimfaa sana.

11 Mei, Jumamosi

Nimefunga duka mapema, mvua haikuacha mteja. Nikakohoa, nikapita uani. Pete kumi na moja kwenye kifuu. Bega la kushoto, kazi ya siku tatu, limefunguliwa hadi katikati na kuachwa hivyo hivyo linaning'inia.

Katana alikuwa nyumbani, bandarini hawakupakua kwa sababu ya mvua. Nikasimama mlangoni kwake.

"Katana, chumba nakitaka."

Akasimama. "Kuna mgeni, mzee?"

"Nakitaka tu."

"Nimekosa nini?"

"Wajua mwenyewe."

"Silijui. Nitajie kosa langu."

"Mtu mzima hatajiwi."

Nyuma yake Kanze alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine.

"Mzee Badawi, miaka minne nakaa kwako. Sikatai, nyumba ni yako. Nitajie tu, nijue la kuwaambia watu."

Ulimi ulikuwa tayari. Pete zangu, kulabu yako: maneno manne tu. Lakini nilimwona akicheka, nikawaona na wengine wakicheka, mtaa mzima hadi kivukoni, kwamba Badawi amemfukuza mtu kwa ajili ya vipete. Nikasema, "Mwisho wa mwezi."

"Hapana," akasema. "Leo."

Akaazima mkokoteni. Kitanda, sanduku, sufuria mbili, na kulabu juu. Wamekwenda Utange kwa nduguye Jefwa, ng'ambo ya pili ya kisiwa. Kanze alifuata nyuma kwa miguu, kanga kichwani, mvua inamnyeshea tumbo. Dhahabu alitoka mbio na mwavuli wangu akampa. Aliporudi aliniuliza kulikoni, nikamwambia, "Ni mtu wa siasa yule." Ameniwekea chakula akaondoka. Kule ndani mchakacho wa ukili umekoma tangu adhuhuri.

Mwenye nyumba ana haki na nyumba yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo nimeshaikung'uta.

12 Mei, Jumapili

Mvua kutwa. Mwavuli sina. Sikufanya kazi.

15 Mei, Jumatano

Pete tatu ndani ya kifuu.

Katana yuko Utange siku ya nne leo. Nimekaa na kifuu mapajani mpaka chai ikapoa. Nimeandika hapa majina mawili, nikayafuta yote, na la pili lilikuwa la mke wangu.

16 Mei, Alhamisi

Saa nne asubuhi nimemwacha mteja na cherehani chake kimefunguliwa mezani, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nilifika mlango wa uani. Miaka ishirini na saba nimekohoa mahali pale. Leo sikukohoa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na meko, kichwa wazi. Kizibao changu kilikuwa kimelala mapajani mwake. Alikuwa akikipapasa safu kwa safu kwa ncha za vidole, midomo ikihesabu, kama anavyoupapasa ukili kabla hajaushona. Vidole vikafika mahali, vikasimama. Vikarudi nyuma pete tatu, vikaja tena. Akatikisa kichwa. Akaichukua shazia, ile sindano yake ndefu ya chuma, akaitia katika kiungo cha pete, akaifungua. Akaitoa pete ile, akaipitisha upya, moja, mbili, tatu, nne. Kisha akaiweka juu ya jiwe la meko akaibana kwa ufunguo wa nyumba yake ya Mtongwe mpaka ikafunga. Iliyokuwa imepindika sana aliitupa ndani ya kifuu na kuchukua nyingine mkebeni.

"Nani?" akauliza ghafla, macho yake meupe yakinitafuta.

Nikarudi kinyumenyume hadi barabarani. Nilisimama chini ya mvua. Kisha nikaja tena mbele, nikakohoa mara mbili, nikangoja, nikaingia. Kizibao kilikuwa kimeshatundikwa.

Nilikipeleka chumbani nikafumba macho. Nilianzia mabegani. Nilipapasa kila pete yenye mkwaruzo, kila moja, na kila moja ilishika nne. Yenye kasoro ni zile za koleo langu peke yake. Hapa inashika tatu. Hapa safu mbili zimelala upande mmoja. Zile safu nilizojisifia siku ya Idi, zilizonyooka, karibu zote ni za mama. Nilikuwa nafuma jioni, macho yamechoka na vyerehani, na sikujua.

Nikamwita Dhahabu nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Pete?" akasema. "Ndizo ulizomfukuzia Katana? Si uliniambia siasa?"

"Ulijua kuwa mama anakifungua?"

"N'likuwa nikijua, na Kanze akijua. Mama alituapisha tusiseme, usije ukaona haya. Nami n'likuuliza, kimeharibika kitu? Ukasema hapana."

Akaenda akakaa kwenye kizingiti, kati ya chumba na ua, na mama akasema naye kutoka upande wa pili, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mwanangu aniwie radhi. Siku ya kwanza n'likishika nikisogeze moshini, nikaona safu yalala si pake. Ukili ukikosa upande mmoja, mkeka wote hwenda kombo. Ningemwambiaje? Mkwe hakosolewi. Nikasema nitatengeneza kidogokidogo, asijue. Siku ile ya mvua alirudi mapema akakohoa, nikaliacha bega katikati."

"Mwambie mama hana kosa," nikasema.

"Amesema huna kosa, mama."

"N'mesikia. Muulize, yule mwana Katana amekwenda kwa nini? Kanze hata hakuniaga."

Dhahabu alinigeukia na kulisubiri jibu. Yote niliyokuwa nayo niliyaandika humu, na daftari halijibu.

20 Mei, Jumatatu

Nimefika kivukoni niende Utange, nikarudi. Mvua ilikuwa kubwa.

Si kweli. Yalikuwa manyunyu.

25 Mei, Jumamosi

Watu wamepiga kura. Mbwana alitaka kukaa barazani, nikamwambia kahawa hakuna. Ilikuwapo.

1 Juni, Jumamosi

Leo ni siku ya madaraka, bendera kila mahali, kivuko kimejaa watu wanaoimba. Nimevuka nao. Nikapanda basi, nikapita daraja la Nyali linaloelea, nikateremka Kisauni nikaenda kwa miguu hadi Utange, matope hadi vifundoni. Niliuliza nyumba ya Jefwa, na mwanamke niliyemwuliza alinitazama kofia na kanzu kisha akanionyesha kwa kidevu.

Katana alikuwa akichimba mashimo ya nguzo kando ya nyumba ya nduguye. Aliacha, akanawa mikono, akaniletea kigoda. Adabu yake iliniuma kuliko matusi. Akaniambia Kanze amejifungua salama, mtoto wa kike, siku ya nane leo.

"Umekuja kunitajia kosa langu, mzee?"

Nikamtajia. Nikamweleza habari ya kifuu, mikwaruzo, kulabu, na mama na shazia yake. Sikuficha kitu, hata madafu niliyoyaacha. Kabla sijamaliza Kanze alisema kutoka ndani, sauti ya mzazi bado haina nguvu:

"Ni bibi! Na mimi ndimi niliyekuwa nikimshushia kizibao, nikimpa na pete za mkebeni. Ungaliuliza, mzee. Neno moja tu ungaliuliza."

Nilidhani Katana atacheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, hata ningekifurahia. Hakucheka.

"Mimi nilidhani ni kwa sababu mimi ni Mgiriama," akasema. "Na ndivyo nilivyowaambia watu wa hapa."

"Sivyo, Katana. Wallahi sivyo."

"Basi niambie. Jikoni walikuwako wanawake watatu. Mimi jikoni kwako sijaingia hata siku moja. Kwa nini ulinidhani mimi?"

Kulabu, nilitaka kusema. Lakini mama naye alikuwa na shazia, nayo nimeijua tangu siku aliyokuja, nimeiandika humu kwa mkono wangu. Dukani kwangu mimi mwenyewe nina sindano mia. Chuma chenye ncha kilikuwa kila mahali, nami nilikiona mlangoni kwake tu.

Nikamwambia chumba chake kipo. Akashukuru. Akanionyesha mashimo ya nguzo, akasema atajenga hapa. Kisha akaingia ndani akatoka na mwavuli wangu, umekunjwa vizuri, na furushi la waya mpya.

"Huu nilikuwa nimeshakuwekea," akasema. "Tangu kabla ya Idi. Msalimie bibi."

Alinisindikiza hadi barabara kuu. Njia nzima, darajani, kwenye basi, kivukoni katikati ya watu wanaopiga vigelegele, furushi lile nililibeba mkononi na sikujua niliweke wapi.

Nyumbani nikakohoa mara mbili. Dhahabu hakuwapo, amekwenda kwa jirani. Nilipaswa kumngoja. Nikaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akajivuta kanga usoni, akangoja nipite.

Sikupita. Nikasema, "Mama, mimi nimekosea."

Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea sauti yangu, kukitaka kizibao. "Wapi? Lete nishike."

Sikuwa na kizibao. Nikamwekea furushi la waya viganjani. Akalipima uzito, akalizungusha.

"Huu ni mpya. Ni wa Katana?"

"Ni wa Katana."

"Yuwarudi?"

"Harudi, mama."

Vidole vyake vikaanza kuuzunguka ule waya polepole, vikitafuta mahali unapoanzia. Nikavua viatu vyenye matope, nikakaa kwenye mkeka wake.